Konokono Kwenye Karatasi ya Kura

Bwenini, Brest
Jumatatu, 3 Aprili 1989

Odete shoga yangu,

Nimefika. Basi zima lilinuka makoti yaliyolowa, nami nilikaa kiti cha nyuma kabisa ili mtu asipate sababu ya kunisemesha. Kitanda changu bado ni kile cha karibu na bomba linalokoroma usiku kama mzee.

Jumamosi sikusema kitu. Wewe unanijua, nikishika kalamu maneno yanakuja, nikifungua mdomo yanakwama kama mwiba wa samaki. Basi ngoja niyatoe hapa.

Nimefurahi kwamba unagombea Baraza la Vijana kwa ajili ya mtaa wetu wa Kinu. Nimefurahi kweli. Lakini mbona nimeipata habari kwenye dirisha la duka la dawa? Nashuka kwenye basi na begi langu, naona uso wako umebandikwa kati ya tangazo la dawa ya kikohozi na la sabuni ya watoto, na chini yake imeandikwa DÉDÉ. Dédé ni nani? Tangu ulipokuja kutoka Ureno na miaka yako minane, ukawekwa dawati moja na mimi, umekuwa Odete. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema mlango, mvua, na samahani mwalimu. Nilikufundisha kwa Kifaransa, kisha na kwa Kibretoni, kwa sababu kile kishule chetu kilifundisha kwa Kibretoni, nawe ukavishika vyote viwili kama mtu aokotaye kokoto. Gwenola wakati huo alikuwa shule ya masista, hakujua kama upo. Leo ana mashine ya fotokopi ya baba yake mfamasia, na wewe una jina jipya.

Na lile sweta la buluu si lako. Nilimwona Gwenola akilivaa siku ya Pasaka.

Usinijibu kwa hasira. Najua ninavyosikika. Nimekuchorea konokono wetu hapo chini kama siku zote, pembe moja fupi, kama yule tuliyemficha kwenye boksi la chaki mpaka akala karatasi za Mwalimu. Gwenola hamjui huyo konokono, sivyo? Niambie kwamba hamjui.

Wako,
Solenn


Kerouvel
Alhamisi, 6 Aprili

Solenn wewe,

Wivu wako umenuka mpaka huku, umeshinda mwani wa Agosti. Mama aliuliza, nani kaacha dirisha wazi?

Haya, kesi moja moja. Sweta: mvua ilininyeshea, mtu akanivua koti na kunivika sweta, ningekataa nife? Jina: kaliandika yeye bila kuniuliza, kasema Odete linasikika kama la bibi wa kanisani. Bango: wewe unaondoka Jumatatu alfajiri unarudi Jumamosi mchana. Nilitakiwa kupeleka jina langu kwa meya Jumatano. Nikusubiri nikiwa nimeketi juu ya kisiki? Na konokono, hapana, hamjui. Umeridhika?

Sasa nisikilize, kwa sababu hili si la mchezo. Atakayechaguliwa na kila mtaa atasimama tarehe kumi na nne Julai, kwenye miaka mia mbili ya Mapinduzi, kusoma Haki za Binadamu na za Raia mbele ya mji wote. Na familia yake itakaa ndani, kwenye ukumbi wa harusi wa manispaa, viti vya mbele, chini ya yule Marianne wa plasta, sanamu ya mama Jamhuri. Baba yangu aliupaka chokaa ukumbi ule. Dari lake ni kazi ya mikono yake. Lakini hajawahi kuingia mle bila ndoo na mwiko. Karatasi zake za uraia ziko Paris zinalala, mwaka wa tatu huu. Hapigi kura hapa, na kule Ureno wamemsahau. Nataka akae siku moja kwenye kiti cha mle ndani, amevaa viatu visafi, atazame juu.

Mama yake Ronan Quéméner, yule ninayeshindana naye, amesema kwenye foleni ya mikate, na mimi nikiwa nyuma yake, "Kwa hiyo Mreno ndiye atatusomea Haki za Binadamu?" Muuza mikate akamjibu, "Mama, kwani ziliandikwa haki za akina Quéméner?" Nikanunua mkate wangu, na ule mkate ulinoga.

Mwalimu Tanguy, yule mstaafu atakayesimamia kura, katueleza kwamba katiba ya mwaka 1793 ilisema mgeni aliyekaa mwaka mmoja, akiishi kwa jasho lake, au akimlisha mzee, anaweza kuwa raia. Haikutumika hata siku moja, lakini iliandikwa. Nikamwambia baba. Akafikiri, akasema, "Basi mimi ni raia tangu nilipompelekea bibi yake Solenn samaki wa chumvi." Na wewe ulikuwa unadhani anampelekea kwa upole tu.

Gwenola ana mashine. Wewe una maneno. Niandikie hotuba, shoga. Mimi nikiandika inakuwa kama risiti.

Odete


Bwenini, Brest
Alhamisi, 20 Aprili

Odete,

Hotuba niliiandika mara nne, chini ya blanketi, kwa tochi. Niliweka mle taa ya kituo cha basi unayoitaka, na benchi la wafanyakazi wa alfajiri, na ule mwiko wa baba yako, na maneno kwamba mtu hujenga kwanza nyumba ndipo aulizwe kama anaruhusiwa kukaa. Uliponipigia simu bwenini ukasema ni nzuri, nilirudi chumbani na masikio yamewaka.

Leo mama kanipigia. Kasema uliisoma jana kwenye uwanja wa shule, watu wakapiga makofi, wakampongeza Gwenola. Gwenola! Kasema mwiko haukuwemo. Kasema ilikuwa fupi na ya kuchekesha. Yangu haikuwa fupi wala ya kuchekesha. Nani aliikata?

Siulizi kwa ubaya. Naam, nauliza kwa ubaya.

Keshokutwa nitashuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja manispaa kupiga kura. Mwalimu Tanguy alikuja hapa bwenini Jumanne kutuelekeza sisi wa Kerouvel tunaosoma Brest. Alisema, ukiingia kwenye kibanda ukavuta pazia, mle ndani hakuna mtoto wa mfamasia wala wa mwashi, hakuna mrefu wala mfupi, hakuna Mbretoni wala mtu wa Paris. Yumo raia, naye hana uso. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilisikia kama ananisema. Odete, mimi sihitaji Jamhuri inifiche. Nimejificha tangu chekechea. Maisha yangu yote ni kibanda chenye pazia.

Nikatafakari hivi: Jumamosi karatasi zote zenye jina lako zitakuwa sawa. Gwenola atasema amekupa, nami nitasema nimekupa, na wewe utatushukuru sote kwa tabasamu moja. Utajuaje yangu ni ipi? Yake inalingana vipi na yangu?

Basi. Lala salama. Nakutakia ushindi kuliko mtu mwingine yeyote anavyokutakia, nakuomba uamini hilo.

Solenn
(na konokono wetu)


Kerouvel
Jumapili, 23 Aprili

Solenn,

Ulipiga kura ukakimbia nyumbani. Nilikuona mgongo tu. Basi nikuandikie yaliyotokea, ingawa utakuwa umeshasikia.

Nimeshindwa. Mimi na Ronan tulilingana kura. Na wakilingana, sheria ni ileile ya wakubwa, kiti anapewa aliyezaliwa kwanza. Ronan kanizidi wiki tatu. Mama yake alinishika bega akasema, "Umejitahidi, mtoto." Alisema vizuri, ndiyo iliyouma.

Kulikuwa na kura moja iliyoharibika. Ilikuwa na jina langu, safi, lakini nyuma yake mtu alichora kitu. Mwalimu Tanguy kasema karatasi yenye alama yoyote ya kumtambulisha mwenyewe haihesabiwi, hata iwe nukta.

Baba alikuwa anangoja kwenye ukumbi wa nje, amevaa suti yake ya mazishi. Nilipomweleza aliuliza, "Huyo aliyechora alitaka nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Pengine alikuwa na furaha." Tukatembea mpaka nyumbani.

Wewe waonaje, nani alichora?

Odete


Bwenini, Brest
Jumanne, 25 Aprili

Odete mpenzi,

Nimelia tangu nilipoipata barua. Wiki tatu tu. Hata mtindi haukomai.

Umeniuliza. Sijui. Mchoro wa nini? Watoto wa kidato cha chini hupenda kuchorachora. Au, na usinikasirikie, umewahi kufikiri kwamba anaweza kuwa Gwenola? Yeye ndiye hawezi kukaa na kalamu bila kupamba kitu, tazama alivyokupamba wewe kwenye lile bango. Na nasikia alikuwa mle mezani akifungua bahasha, angeweza kufanya lolote. Kuna watu hupenda kumsaidia mtu mpaka mlangoni, ila hawapendi aingie. Mimi nisingekwambia kama nisingekuwa nakupenda.

Kwa vyovyote, sasa umemjua nani wa kweli.

Solenn


Kerouvel
Ijumaa, 28 Aprili

Solenn,

Barua yako haikuwa na konokono. Barua ya kwanza katika miaka saba kukosa konokono. Ulimsahau, au hukutaka nimwone tena?

Maana nilishamwona. Mwalimu Tanguy aliinua karatasi juu, mbele ya dirisha, watu wote wakamwona. Pembe moja fupi. Watu walicheka. Gwenola, ambaye hamjui, akasema, "Masikini, kakosa siagi na kitunguu saumu tu aliwe." Mwalimu aliuliza kama kuna anayeitambua alama ile. Ni utaratibu wake, huuliza hata akijua hajibiwi. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, nikuambie ukweli. Nikasema moyoni, huyu hapa Solenn wangu, kanikumbuka. Kisha nikamwona anaiweka karatasi pembeni, si upande wangu.

Nilinyamaza. Ningekutaja, mji mzima ungejua umempa nani, na umeniharibia vipi. Nilikuficha. Sikumwambia baba, sikumwambia mama, na Gwenola alipolia, ndiyo, Gwenola alilia, sikumwambia. Nikakuandikia nikakuuliza. Nilidhani utasema. Niliacha mlango wazi kabisa, wewe ukapita ukaenda kumtupia mwingine tope.

Na hotuba niliikata mimi mwenyewe. Gwenola aliniomba mwiko ubaki. Mimi ndiye sikuweza kuusoma, ningelia mbele ya watu. Hukuuliza hilo kwa upole hata mara moja, ulikuwa umeshajua mkosaji ni nani.

Jambo moja la mwisho litakuchekesha. Kura nzuri, baada ya kuhesabiwa, huchomwa. Zote, zangu na za Ronan, walizichoma kwenye ndoo nyuma ya manispaa. Ila iliyoharibika hubandikwa kwenye taarifa na kuwekwa kabatini. Hongera. Ulitaka kuonekana. Ya kwako ndiyo pekee iliyobaki.

Usiniandikie kwa sasa.

Odete Figueira


Bwenini, Brest
Jumanne, 2 Mei

Odete,

Umesema nisiandike, naandika. Ukiitupa bila kuifungua ni haki yako.

Nilikuwa na penseli ya hesabu mfukoni. Sikuingia nikiwa nimepanga, naapa, ingawa naona nilikuwa nimepanga tangu Alhamisi. Nilivuta pazia. Nje nilimsikia Gwenola anacheka na wewe unacheka, kicheko kile chako cha puani ambacho nilidhani ni mimi tu ninayekijua. Nikachukua karatasi yenye jina lako, nikaona limechapishwa, jina lilelile atakalolishika yeye na kila mtu, nikashindwa kukuacha hivyo. Nilitaka kura yangu iwe na uso. Nilitaka ukiwa umesimama pale, kati ya karatasi zote, moja ikukonyeze. Mchoro wenyewe ulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Mwalimu alikuwa ametuambia kuhusu alama. Nilimsikia. Nikasema moyoni, hiyo ni kwa ajili ya wezi wa kura, si kwa ajili ya marafiki.

Nilipotoka nikaitumbukiza kwenye lile sanduku jipya la kioo, msimamizi akatamka "Amepiga kura," kama wanavyotamkiwa watu wazima, nikajiona mkubwa. Kisha nikaogopa kwamba uso wangu unaonyesha kitu, nikakimbia.

Ya Gwenola ni mabaya zaidi, na kwa hayo sina penseli ya kuisingizia. Niliandika nikijua. Nilitaka umchukie. Nilipoifunga bahasha ile mikono haikunitetemeka hata kidogo, na mikono yangu hutetemeka hata nikiagiza mkate.

Namwonea wivu, Odete. Namwonea wivu kwa pikipiki yake, kwa urefu wake, kwa kuingia dukani akasema "hamjambo" na watu wakageuka. Wewe pia nakuonea. Baba yako anaungoja uraia miaka mitatu, na siku utakapofika mtavaa nguo nzuri, meya atawashika mikono. Mimi niliupata pamoja na pua yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Najua ni wivu wa kijinga. Nimekuandikia ili wote uwe nao, usije ukakuta mwingine kabatini.

Mwambie baba yako ni mimi. Au niruhusu nimwambie.

Solenn


Kerouvel
Jumatatu, 15 Mei

Solenn,

Bibi yako kaniambia ulikwenda mwenyewe kwa baba Jumamosi, mimi nikiwa kazini kwenye hoteli. Baba kasema ulisimama mlangoni ukiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, ukasema yote kwa pumzi moja, halafu ukabaki hujui kuondoka, ikabidi akupe kiti. Nikamuuliza alikujibu nini. Kasema, "Nilimwambia hata mimi niliwahi kuchora jina langu kwenye plasta mbichi, ndani ya dari la manispaa, pasipoonekana." Miaka yote hiyo hakutuambia. Kaja kukuambia wewe.

Sijui kama nimekusamehe. Nikikuona nitavuka barabara bado. Lakini nimeona niseme nimejua ulikwenda.

Na wewe usidhani mwenye wivu ni wewe peke yako. Majina ya ukoo wako yamejaa makaburini, mawe mpaka yameota kuvu. Lugha zako mbili zote ni za hapa, na bibi yako akizungumza Kibretoni sokoni siku hizi watu wa redio wanakuja kumrekodi. Mama yangu akizungumza Kireno sokoni anaulizwa kama ana nafasi ya kufua Ijumaa. Una mahali pa kujifichia, shoga. Mimi tangu nifike hapa natazamwa. Ungejua jinsi ninavyokipenda kile kibanda. Mle ndani ndipo mahali pekee Ufaransa nzima ambapo hakuna aliyeniuliza natoka wapi.

Odete


Kerouvel
Jumatano, 7 Juni

Solenn,

Habari kubwa. Baba yake Ronan kahamishiwa Toulon, meli yake inakwenda huko, wanaondoka wote kabla ya mwisho wa mwezi. Kiti cha mtaa wa Kinu ki wazi. Meya kasema hataki kumrithisha mtu kiti kama sufuria, kura zitapigwa upya Jumamosi tarehe 24. Nimepeleka jina langu. Lile la bibi wa kanisani, herufi zote tano. Anayeshindana nami ni Erwan wa duka la mikate, anaahidi vitumbua vya siagi kwenye kila kikao, kwa hiyo hatari ni kubwa.

Hotuba nitasoma ile yako ya kwanza. Yote. Gwenola kaipiga kopi, hakugusa hata mkato. Kasema, "Aliyeandika haya ananiogopesha." Nilimwambia ni wewe. Kasema anadhani humpendi. Nikamwambia, "Kweli hakupendi." Akasema afadhali ajue.

Bibi yako kasema kuanzia wiki ijayo unavuna kwenye shamba la shangazi yako kule Roscoff, zile artichoki, mboga za maua ya miiba. Ni mbali, na basi la Jumamosi ni moja kwenda na moja kurudi. Sikuombi uje.

Odete


Roscoff, kwa shangazi
Alhamisi, 22 Juni

Odete,

Vidole vyangu vimechomwachomwa na haya maua ya miiba, ndiyo maana mwandiko ni wa kuku.

Bibi alikuja hapa Jumapili, nikamsimulia yote. Alimaliza kwanza kumenya viazi. Kisha akasema mwaka 1945, wanawake walipopiga kura mara ya kwanza, yeye na babu walikwenda pamoja kwa miguu, wamevaa nguo za misa. Wakirudi babu akamuuliza, "Umempa nani?" Bibi akamjibu, "Kibanda kina pazia." Babu akacheka. Kufika kwenye daraja akauliza tena. Kwenye supu akauliza. Odete, alimuuliza miaka thelathini. Mara kwa utani, mara kwa kununa, na alipokuwa mgonjwa wa kufa alimshika mkono akasema, "Sasa waweza kuniambia, Anna." Bibi akasema, "Kunywa dawa." Babu yangu alikufa na wivu juu ya karatasi moja.

Nikamuuliza, kwani ulimpa yuleyule ambaye babu alimpa? Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

Kumbe wivu wangu nimeurithi. Mengine ya bibi bado sijayarithi, lakini nina miaka kumi na tano.

Bado namwonea Gwenola. Nimejaribu kuacha, haiachiki, kama kikohozi cha Februari. Nilipofika kwenye habari kwamba hakugusa hata mkato, nilitafuta la kumlaumu nikalikosa, ikaniudhi zaidi.

Jumamosi nitakuja na lile basi moja na kuondoka na lile jingine. Nitaingia kwenye kibanda, nitavuta pazia. Sitakuambia nimempa nani. Ukiniuliza barabarani sitakuambia, ukiniuliza siku ya harusi yako sitakuambia. Huenda ni Erwan. Mimi napenda sana vitumbua vya siagi.

Penseli nimempa shangazi aniwekee.

Solenn


Kerouvel
Jumapili, 25 Juni

Solenn shoga yangu,

Nimeshinda. Erwan kalipokea vizuri, kaleta vitumbua vyake hivyo hivyo, akasema vikilala vitaharibika. Baba hakuja kungoja. Alikuwa nyumbani anapiga viatu rangi, na nilipoingia hakuuliza, alinitazama uso akachukua kiatu cha pili.

Nilikuona kwenye foleni. Ulikuwa nyuma ya Gwenola, mkitazama pande mbili kama paka wa ugomvi. Nilimwona akikupisha. Nikaona umesema kitu, sikukisikia, na yeye hataki kuniambia ulisema nini. Kasema ni siri yenu. Yenu! Usiku nimegeukageuka kitandani. Kwa hiyo hivi ndivyo wivu unavyouma.

Wakati wa kuhesabu nilimwomba Mwalimu Tanguy anisogeze karibu na meza. Kila ilipofunguliwa karatasi yenye jina langu niliiangalia mbele na nyuma, zote, mpaka ya mwisho, kabla hawajazipeleka kwenye ndoo. Nilitafuta pembe. Nilitafuta hata alama ya kidole.

Sikukuona popote. Asante.

Odete